Haba na Haba ya Nuru: Jinsi Watu wa Kazi za Kawaida Wanavyopiga Picha za Galaksi za Mbali

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wanafunzi wayasome polepole baada ya kusikiliza. Mwalimu wa darasa awe tayari na ubao, chaki, debe moja na kikombe kimoja.)

  

Somo letu la leo linahusu kupiga picha za vitu vilivyo mbali sana mbinguni, vitu ambavyo huitwa galaksi. Huenda mmoja wenu amekwisha kusema moyoni mwake, "Mambo hayo yanatuhusu nini sisi? Nyota ni kazi ya maprofesa." Namwomba mtu huyo avumilie kidogo. Katika watu nitakaowataja leo, mmoja alikuwa mjenzi wa nyumba, na mwingine ni fundi wa kufuli. Hakuna aliyewaajiri kutazama mbingu. Walifanya hivyo kwa kupenda, baada ya kazi zao za mchana. Hata hivyo walionyesha mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaona kabla yao. Sikilizeni, basi, nao walifanyaje.

1. GALAKSI NI KITU GANI?

Jua letu ni nyota. Laonekana kubwa kwa sababu li karibu nasi. Nyota nyingine ni majua pia, lakini yako mbali sana.

Nyota hazikutawanyika ovyo kama punje zilizomwagika sokoni. Zimekusanyika katika makundi makubwa mno, kama watu walivyokusanyika katika miji. Kila mji mmoja wa nyota huitwa galaksi. Jua letu nalo ni mkazi wa mji mmoja. Mji wetu twauona kutoka ndani. Usiku usio na mwezi, mbali na taa, mtaona mkanda mweupe kama moshi ukikata mbingu toka upande mmoja hadi upande wa pili. Huo ndio huitwa Njia Nyeupe. Weupe ule ni nuru ya nyota nyingi mno, na jicho letu haliwezi kuzitenga moja moja.

Nje ya mji wetu kuna miji mingine. Ulio maarufu kuliko yote huitwa Andromeda. Miezi ya Novemba na Desemba, kama saa mbili au saa tatu usiku, anga likiwa safi, Andromeda huwa upande wa kaskazini, kati ya upeo wa macho na utosi. Mtu mwenye macho mazuri huiona kama alama ndogo ya ukungu. Mtaalamu wa nyota wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliiandika katika kitabu chake mwaka 964, akaiita wingu dogo. Basi kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wamelijua wingu hilo. Lakini kulijua kitu kwa jina si sawa na kujua ni kitu gani.

2. NURU HUSAFIRI

Nuru ina mwendo, nao ni wa kasi kupita vyote: kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mwalimu, tafadhali andika hesabu hiyo ubaoni. Nuru ya mwezi hutufikia kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Njia ambayo nuru huenda kwa mwaka mzima huitwa mwaka wa nuru. Kumbukeni vizuri: mwaka wa nuru ni kipimo cha umbali, si kipimo cha wakati. Hata sisi husema, "Kwetu ni mwendo wa siku mbili," na maana yetu ni umbali.

Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2 na nusu. Yaani nuru tunayoiona leo ilianza safari yake miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Wakati ule hata zana za mawe zilizochimbuliwa katika Bonde la Olduvai, huko Tanzania, zilikuwa hazijachongwa. Nuru hiyo imekuwa njiani muda wote huo. Mtu akiipokea kwenye kamera yake usiku wa leo, amepokea barua iliyoandikwa zamani sana.

3. JICHO HALIWEKI AKIBA

Sasa nawauliza swali. Andromeda ni ndogo au kubwa? Mkiitazama kwa macho mtasema ni ndogo. Sivyo. Ingekuwa na nuru ya kutosha, tungeona kwamba urefu wake mbinguni hupita upana wa mwezi mpevu kama mara sita. Hatuuoni ukubwa huo kwa sababu kingo zake zina nuru hafifu mno. Tatizo si udogo. Tatizo ni uchache wa nuru.

Mwalimu, chukua debe na kikombe. Debe lina lita 20. Kikombe kina robo lita. Wanafunzi, vikombe vingapi vitajaza debe? Naam, ni vikombe 80. Kama mfereji hutoa kikombe kimoja kwa dakika, debe litajaa baada ya dakika 80. Sasa fikirini mtu aliyekinga kikombe kimoja, akakimwaga, akakinga tena, akakimwaga tena. Hata akikesha hapo usiku kucha hatapata debe.

Jicho ndivyo lilivyo. Hupokea nuru kwa sehemu ndogo ya sekunde, likaituma kwenye ubongo, kisha likaanza upya. Haliweki akiba. Ukikodolea macho kitu hafifu kwa saa nzima, mwisho wa saa hutakiona zaidi ya ulivyokiona ulipokwisha kuzoea giza.

Kamera ni tofauti. Ukiiacha wazi, nuru inayoingia sasa hujumlishwa na nuru iliyoingia kabla. Dakika kumi huwa zaidi ya dakika moja, na saa nne huwa zaidi ya saa moja. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ndiyo siri nzima ya somo la leo.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mtalielewa jambo hili kuliko wengine. Neno la mdomo hutamkwa likapita. Neno lililoandikwa hukaa, na jingine huongezwa juu yake, hata kikawa kitabu. Jicho ni kama neno la mdomo, na picha ni kama maandishi. Elimu ya nyota ilibadilika sana siku watu walipoanza kuandika nuru badala ya kuitazama tu.

Kuna jambo la pili. Mvua ikinyesha, nani atapata maji mengi, aliyetega chupa au aliyetega beseni? Bila shaka ni mwenye beseni, kwa sababu mdomo wake ni mpana. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7 tu. Darubini yenye kioo cha milimita 106, ambayo mtu mmoja aweza kuibeba, hukusanya nuru zaidi ya mara 200 ya jicho. Basi mpiga picha za galaksi ana vitu viwili: mdomo mpana, na uvumilivu wa kukinga muda mrefu.

4. MJENZI WA LIVERPOOL

Isaac Roberts alizaliwa mwaka 1829 katika nchi ya Wales. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1844, akiwa kijana wa miaka 15, alitiwa kwenye uanagenzi wa ujenzi mjini Liverpool, Uingereza. Alijifunza kazi, akawa fundi, na baadaye akawa na kampuni yake mwenyewe ya ujenzi. Nyota hazikuwa kazi yake. Zilikuwa mapenzi yake.

Alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, Roberts alianza kujaribu kupiga picha za nyota. Nataka wazee waliomo darasani wasikie hapo: zaidi ya miaka hamsini. Aliagiza kwa fundi stadi darubini yenye kioo cha inchi 20, yaani nusu mita hivi, akaisimamisha nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool. Kwa hesabu tuliyofanya, kioo hicho hukusanya nuru zaidi ya mara 5,000 ya jicho.

Siku zile kamera haikuwa na filamu kama tulivyozoea baadaye. Picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa yenye madini ya fedha. Nuru ikigusa dawa hiyo, huibadilisha, na bamba likioshwa mahali pale huwa peusi.

Mwaka 1886 Roberts alipiga picha za kundi la nyota mnalolijua vizuri, Kilimia, lile ambalo wakulima wetu wamelitumia tangu zamani kujua majira ya kulima. Picha zake zilionyesha ukungu mwingi umezizunguka nyota zile, ukungu ambao jicho haliuoni.

Tarehe 29 Desemba 1888 aliielekeza darubini kwenye Andromeda, akaliacha bamba likipokea nuru kwa muda wa saa nne hivi. Bamba lilipooshwa, lile wingu dogo halikuwa wingu tena. Lilikuwa na mikono iliyojizungusha, mmoja nje ya mwingine, kama maji yanayozunguka penye shimo. Watu walikuwa wameitazama Andromeda kwa darubini kubwa kwa miaka mingi, na hakuna aliyeiona sura hiyo vizuri. Mjenzi wa nyumba ndiye aliyeionyesha kwa ulimwengu. Mwaka 1895 chama kikubwa cha elimu ya nyota cha Uingereza kilimpa Roberts nishani ya dhahabu.

5. KUONA NI MOJA, KUFAHAMU NI PILI

Lakini msidhani kwamba picha ilimaliza mambo. Roberts aliona ile mikono, akafikiri anaona jua jipya na sayari zake likiumbika karibu nasi. Wataalamu wengi wa siku zake walifikiri hivyo hivyo. Picha ilikuwa kweli, lakini maelezo yake hayakuwa kweli. Ni kama mtu anayesoma herufi zote za barua bila kukosea, lakini asijue habari yake.

Ili kujua ukweli ilihitajika kujua umbali. Msaada ulitoka kwa mwanamke mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mabamba ya picha, nyota baada ya nyota. Alichunguza picha za galaksi ndogo iliyoko kusini mwa mbingu, ambayo sisi wa Afrika Mashariki twaweza kuiona. Kuna nyota ambazo nuru yake hupanda na kushuka kwa zamu, kama taa inayoongezwa na kupunguzwa utambi. Mwaka 1912 Bibi Leavitt alionyesha kwamba nyota ya namna hiyo ikichukua siku nyingi kumaliza zamu moja, nuru yake halisi huwa kubwa zaidi. Ukijua nuru halisi ya taa, na ukaona inavyofifia kwako, waweza kukadiria umbali wake.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, Edwin Hubble alipiga picha ya Andromeda kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson, huko California. Aliona nuru moja, akadhani ni nyota iliyowaka ghafula, akaandika herufi N penye bamba. Alipolinganisha na mabamba ya zamani aligundua kuwa ni nyota ya kupanda na kushuka. Akaikata ile N, akaandika neno lingine kwa wino. Kwa kutumia kanuni ya Bibi Leavitt akapata umbali wa miaka ya nuru karibu 900,000. Wengine waliokuja baadaye walisahihisha hesabu hiyo hadi ikafika milioni 2 na nusu. Lakini hata hesabu ya kwanza ilitosha. Andromeda haikuwa wingu la kwetu. Ilikuwa mji mwingine kabisa. Roberts alikuwa amepiga picha ya mji mzima wa nyota, akafariki mwaka 1904 bila kujua hivyo.

6. KAZI HII HUFANYWAJE SIKU HIZI?

Siku hizi bamba la kioo limeachwa. Kamera ya kidigitali ina kipande kidogo chenye vyumba mamilioni, na kila chumba huhesabu nuru iliyoingia. Lakini shida za kazi zimebaki zile zile tatu.

Shida ya kwanza ni mwendo wa dunia. Dunia huzunguka, kwa hiyo nyota huonekana zikihama. Katika dakika mbili tu nyota yaweza kusogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Kamera iliyosimama tuli itachora mistari badala ya nukta. Kwa hiyo darubini huwekwa juu ya kiti chenye mashine ya kuizungusha polepole kinyume cha mwendo wa dunia. Mhimili wa kiti hicho lazima ulingane na mhimili wa dunia. Huko Ulaya mhimili huo huinuka juu sana. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, hulala karibu kama mtu kitandani.

Shida ya pili ni uchafu wa picha. Kamera yenyewe, hata ikiwa imefunikwa, huandika alama zake za uongo. Mpiga picha hufanya kama mwenye duka mwaminifu anayepima kwanza kopo tupu kabla ya kupima mafuta. Hupiga picha kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha huitoa picha hiyo katika picha ya kweli. Tena hapigi picha moja ndefu. Hupiga nyingi, pengine mamia, kisha kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine na kutafuta wastani. Kwa nini? Ni kama baraza linalosikiliza mashahidi ishirini. Kosa la shahidi huyu si kosa la yule, hivyo makosa hupotea. Kweli ni moja kwa wote, nayo hubaki.

Shida ya tatu ni taa. Taa za mji hutupa nuru juu, na anga lote huwa kama limepakwa maziwa. Mtu wa mjini hutumia kioo cha kuchuja, kinachopitisha nuru ya namna moja tu na kuzuia nyingine, kama chujio linavyopitisha tui na kuzuia machicha. Wengine husafiri mbali kutafuta giza.

7. FUNDI WA KUFULI WA ROSARIO

Sasa twende Argentina, katika mji wa Rosario. Huko yuko Víctor Buso, ambaye kazi yake ni ufundi wa kufuli. Juu ya dari ya nyumba yake alijijengea chumba cha kutazamia nyota, chenye darubini ya sentimita 40.

Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016 alitaka kuijaribu kamera mpya. Akachagua galaksi iliyokuwa juu karibu na utosi, iitwayo NGC 613. Umbali wake ni kama miaka ya nuru milioni 80. Kwa kuwa mji una taa nyingi, alipiga picha fupi fupi za sekunde 20, moja baada ya nyingine. Picha za kwanza hazikuwa na jambo jipya. Alipoendelea baadaye usiku ule ule, akaona nukta ndogo pembeni mwa galaksi. Haikuwamo katika picha za kwanza. Tena ilikuwa ikiongezeka kung'aa.

Mabibi na mabwana, nyota kubwa ikimaliza uhai wake hulipuka. Wataalamu walikuwa wameona milipuko mingi, lakini karibu kila mara waliiona baada ya saa au siku nyingi kupita, kama watu wanaofika penye moto nyumba ikiwa imekwisha kushika. Nuru ya mwanzo kabisa, ile ya dakika ambazo mlipuko hufika juu ya uso wa nyota, ilikuwa haijapigwa picha ya namna hii kwa nuru ionekanayo. Fundi wa kufuli alikuwa nayo, picha kwa picha, pamoja na saa ya kila moja.

Angalieni alilofanya. Hakusema, "Labda macho yangu yamenidanganya," akaenda kulala. Wala hakuificha. Alipeleka habari upesi kwa wengine, na darubini kubwa zikageuzwa kuitazama nyota hiyo. Mtaalamu wa Argentina, Melina Bersten, pamoja na wenzake walizichunguza picha hizo, na mwaka 2018 habari ikachapishwa katika jarida kubwa la sayansi, Nature. Jina la Buso limo miongoni mwa waandishi.

Je, ilikuwa bahati? Ndiyo, tena bahati kubwa. Lakini maelfu ya watu walilala usingizi usiku ule chini ya nuru ile ile. Bahati ilimkuta mtu aliyekuwa macho, ambaye chombo chake kilikuwa tayari, na ambaye alizoea kulinganisha picha na picha.

8. UPINDE ULIOKUWA MBELE YA WOTE

Mfano wa mwisho waturudisha Andromeda. Galaksi hiyo imepigwa picha mara nyingi kupita kiasi, na vituo vikubwa na watu binafsi, tangu wakati wa Roberts. Mtu angesema hakuna jipya lililobaki.

Mwaka 2022 Yann Sainty wa Ufaransa, akishirikiana na Marcel Drechsler na Xavier Strottner, wote watu wa kujitolea, alitumia darubini ya milimita 106, ile ndogo tuliyoitaja. Aliweka kioo cha kuchuja kinachopitisha nuru ya hewa ya oksijeni tu. Kwa usiku 22 walikusanya nuru kwa jumla ya saa zaidi ya 100. Walipozijumlisha picha zao, karibu na Andromeda ulitokea upinde wa buluu, mrefu kama miezi mipevu mitatu ikipangwa mstari mmoja. Hakuna aliyewahi kuuona.

Walifanya jambo la busara. Hawakutangaza siku ile ile. Waliomba wenzao wenye darubini nyingine mahali pengine wapige picha pale pale. Upinde ukaonekana tena. Ndipo mwezi wa Januari 2023 habari ikachapishwa. Tangu hapo wataalamu wamejadiliana: upinde huo uko kule kwenye Andromeda, au uko huku ndani ya galaksi yetu, umepita tu mbele ya Andromeda kama moshi wa jikoni upitavyo mbele ya mlima? Uchunguzi mwingine umeelekea upande wa pili. Mwaona kwamba hali ni ile ile ya Roberts. Picha imekwisha kupatikana, na maelezo yake yanafuata.

Kwa nini vituo vikubwa havikuuona? Darubini kubwa hutazama mahali padogo tu, tena muda wake ni wa thamani, watu hupanga foleni. Hakuna ambaye angepewa usiku 22 kutafuta kitu ambacho haijulikani kama kipo. Mtu mwenye darubini yake mwenyewe ana mali moja ambayo vituo vikubwa hawana. Mali hiyo ni muda.

9. NASI JE?

Darubini yenye mashine na kamera yake ni ghali, na sitawadanganya kwamba kila mmoja atanunua. Lakini yapo mambo mawili mnayoweza kuyafanya bila fedha.

La kwanza, tokeni nje mtazame. Kati ya Desemba na Februari, usiku usio na mwezi, tazameni upande wa kusini, chini kidogo. Mtaona vipande viwili vya wingu visivyosogezwa na upepo. Hizo ni galaksi mbili ndogo, majirani wa galaksi yetu. Kubwa iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na ndogo kama 200,000. Ile ndogo ndiyo aliyoichunguza Bibi Leavitt. Kutoka Liverpool alikoishi Roberts hazionekani kabisa. Sisi twaziona kutoka uani.

Mwenye simu yenye kamera na ajaribu. Iegemeze juu ya jiwe isitikisike, ipangie kupokea nuru kwa sekunde kadhaa, kisha usiiguse. Mtaona nyota nyingi kuliko zile jicho linazoona. Hiyo ni haba ya kwanza ya kibaba chenu.

La pili, lindeni giza. Vijiji vingi vyetu bado vina usiku ambao watu wa miji mikubwa husafiri mamia ya kilomita kuutafuta. Umeme ukifika tushukuru, maana watoto watasoma usiku. Lakini taa ya nje ikiwekewa kofia juu, nuru yake huanguka chini tunapotembea, wala haipotei mbinguni. Kijiji kitaona njia, na watoto wataendelea kuiona Njia Nyeupe.

MANENO MAPYA

Galaksi: kundi kubwa mno la nyota.
Mwaka wa nuru: umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.
Bamba: kipande bapa cha kioo au madini. Katika somo hili, kioo cha kupigia picha.
Mhimili: mstari ambao kitu huuzunguka.
Wastani: jumla ya hesabu ikigawanywa sawasawa.
Uanagenzi: kujifunza kazi chini ya fundi.

MASWALI

1. Kwa nini kamera huona kitu hafifu ambacho jicho halikioni?
2. Isaac Roberts alifanya kazi gani ya mchana? Alianza kupiga picha za nyota akiwa na umri gani?
3. Víctor Buso alipiga picha za sekunde 20. Kama angepiga picha 40 mfululizo, jumla ingekuwa dakika ngapi na sekunde ngapi?
4. Wagunduzi wa upinde walifanya nini kabla ya kutangaza? Kwa nini?
5. Zungumzeni darasani: "Kuona ni moja, kufahamu ni pili." Tafuteni mfano katika kazi zenu wenyewe.

KAZI YA JUMA HILI

Chagueni usiku mmoja usio na mwezi. Kaeni gizani robo saa bila kuwasha taa, ili macho yazoee. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya alichokiona, pamoja na tarehe na saa. Msisahau tarehe na saa. Picha za Buso zilikuwa na thamani kwa sababu kila moja ilijulikana ilipigwa saa ngapi.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.